Siku Nane Zilizogeuka Miezi Tisa

Ni desturi ya ukurasa huu kuzungumza habari za nyumbani: mapishi, afya ya watoto, na namna ya kuufikisha mshahara mwisho wa mwezi. Juma hili nawaomba mniruhusu nitoke jikoni, nipande juu kiasi cha kilometa 400, kisha nirudi. Nataka kuwasimulieni usiku mmoja wa mwezi wa Machi, mwaka 2025, ambao mimi na jirani yangu tulikesha tukitazama chombo cha anga kikirejea duniani.

Jirani yangu huyo ni mke wa askari. Mumewe alikuwa amepelekwa kikazi nje ya nchi, naye alitarajiwa kurudi kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Februari. Shule zikafunguliwa, ada ikalipwa kwa mkopo, na bwana hajaonekana. Tarehe za kurudi kwake zilikuwa zimetajwa mara tatu, na mara zote tatu zimepita kimya. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mama huyo, ambaye hata siku za kawaida usingizi wake ulikuwa umepungua, alikuwa akikaa macho hadi wakati wa daku. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku kituoni. Basi nilipomwambia kwamba kuna watu wawili waliokwenda angani kwa safari ya siku nane wakakaa miezi tisa, na kwamba usiku ule wanarudi, alijifunga khanga akaja kwangu. Tuliiegemeza simu yangu kwenye chupa ya chai, tukakaa.

Watu wenyewe ni Bwana Barry Wilmore, ambaye wenzake humwita Butch, na Bibi Sunita Williams. Wote wawili walikuwa maofisa wa jeshi la majini la Marekani, marubani wa siku nyingi. Siku ile ya kurudi Bwana Wilmore alikuwa na umri wa miaka 62 na Bibi Williams miaka 59. Si vijana wa kutafuta sifa. Waliondoka tarehe 5 Juni 2024 katika chombo kipya kiitwacho Starliner, kilichotengenezwa na kampuni ya Boeing. Kazi yao ilikuwa kukijaribu chombo hicho, kwa kuwa hakikuwa kimewahi kubeba mtu, kukifikisha kwenye kituo cha anga cha kimataifa, na kukirudisha baada ya siku nane hivi.

Hapa kuna jambo ambalo jirani yangu alilipenda kuliko yote, nami nalieleza kwa sababu linafaa ukurasa huu. Muda mfupi kabla ya safari, masanduku yao ya nguo yalitolewa chomboni. Pampu ya mtambo wa kugeuza mkojo kuwa maji safi ilikuwa imeharibika huko kituoni, na pampu mpya ilihitaji nafasi. Wakaridhia. Safari ni ya siku nane, nguo za nini nyingi? Walipokwama, wakavaa nguo za akiba za kituo hadi mzigo mwingine ulipopelekwa mwezi wa Agosti. Na huko juu, bibi zangu, hakuna kufua: nguo huvaliwa mpaka ichoke, kisha hutupwa pamoja na takataka. Jirani yangu alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema mumewe naye alikwenda na shati mbili.

Walikwama kwa nini? Tarehe 6 Juni, walipokuwa wakikikaribia kituo, injini ndogo tano zilikataa kufanya kazi. Starliner ilikuwa na injini ndogo 28 za namna hiyo, ambazo kazi yake ni kukigeuza na kukinyoosha chombo, kama mtu anavyoelekeza mtumbwi kwa kasia. Nne kati ya zile tano zilifufuka baadaye, nao wakafika salama. Lakini hewa ya heliamu, inayosukuma mafuta ya injini hizo, ilikuwa nayo ikivuja. Kwenda kituoni kwa kasia mbovu kunawezekana. Kurudi ni jambo jingine, kwa sababu chombo kinachoingia hewani kikiwa kimekaa vibaya huungua.

Ndipo ulipoanza mchezo wa tarehe. Kwanza walikuwa warudi tarehe 14 Juni. Ikasogezwa hadi tarehe 18, kisha 22, kisha 26. Baada ya hapo hapakutajwa tarehe tena. Wahandisi walizichukua injini za aina ileile wakazijaribu ardhini, wakabishana majuma mengi. Mkubwa huyu akiulizwa husema chombo ni kizima, mwingine husema tungoje kwanza. Nyumbani kwake Bwana Wilmore alikuwa na mke na mabinti wawili, na yule mdogo alikuwa akiuanza mwaka wa mwisho wa shule ya sekondari.

Jirani yangu aliposikia habari ya tarehe nne aliitazama simu kwa muda, akasema, “Mwalimu, kumbe hata Wazungu.” Sikuwa na la kuongeza.

Lakini nitaongeza hapa, kwa kuwa nimekwisha kulifikiri. Mtu anayengoja haumizwi sana na urefu wa safari. Bibi zetu walingoja wanaume waliokwenda vitani Burma, na barua hazikufika. Kinachoumiza ni ahadi inayotolewa na mtu ambaye hana uwezo wa kuitimiza, kisha ikabadilishwa bila maelezo. Mama anapika, anafagia ua, anawavalisha watoto, jioni inaingia. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnaongoja, wake kwa waume, ni huu: msimpe mtoto tarehe mliyoisikia dukani au kwa jirani. Mwambieni, “Baba atarudi, siku bado hatujaijua.” Mtoto anaweza kulibeba neno hilo. Asiloweza kulibeba ni kukaa mlangoni tangu asubuhi akiwa amevaa viatu vipya.

Turudi kwa wasafiri wetu. Tarehe 24 Agosti 2024 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitangaza uamuzi: Starliner itarudi tupu, na watu wawili wale watabaki kungoja chombo kingine. Ili wapate viti, katika safari iliyoondoka tarehe 28 Septemba wanaanga wawili wanawake, Bibi Zena Cardman na Bibi Stephanie Wilson, waliondolewa. Chombo kiitwacho Dragon kikapanda na watu wawili badala ya wanne, Bwana Nick Hague na Mrusi Bwana Aleksandr Gorbunov, na viti viwili vitupu. Wengi huisimulia habari hii bila kuwataja wale mama wawili walioachwa chini baada ya kujiandaa kwa muda mrefu. Mimi nimeona niwataje.

Wakubwa wa NASA hawakuficha kwamba walipokuwa wakiamua walikuwa wakikumbuka misiba ya zamani, na mmojawapo ni wa Columbia. Wasomaji wetu vijana huenda hawaujui, kwa hiyo niueleze.

Columbia ilikuwa chombo chenye mabawa, kilichokuwa kikirudi na kutua uwanjani kama ndege. Kilipopaa tarehe 16 Januari 2003, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi kubwa la mafuta kikaligonga bawa la kushoto. Kipande hicho hakikufika hata kilo moja. Wahandisi walikiona kwenye picha za kupaa, wakaingiwa na wasiwasi, wakaomba chombo kipigwe picha kingali juu ili bawa lichunguzwe. Picha hizo hazikupigwa. Wakubwa waliona kwamba povu limekwisha kuanguka mara nyingi siku zilizopita na hakuna aliyedhurika.

Jumamosi tarehe 1 Februari, jamaa za wanaanga saba walikuwa wamekusanyika kando ya uwanja huko Florida. Chombo kilitazamiwa kugusa ardhi saa tatu na dakika 16 asubuhi kwa saa za huko. Dakika kama 16 kabla ya hapo, hewa ya moto iliyokuwa ikiingia kupitia tundu la bawa ilikuwa imekwisha kulila kwa ndani, na Columbia ikavunjika juu ya jimbo la Texas. Uwanjani hapakusikika kitu. Saa ikafika, ikapita, na watoto wakiangalia upande ambao baba au mama angetokea. Tume iliyochunguza ilisema katika taarifa yake ya Agosti mwaka ule kwamba tabia ya shirika lenyewe, ya kutowasikiliza wenye mashaka, ilichangia msiba ule sawasawa na lile povu.

Basi mwaka 2024 wenye mashaka walisikilizwa. Starliner ikafungwa mlango, ikaachiliwa, na tarehe 7 Septemba, ilipokuwa kwetu saa moja na dakika moja asubuhi, ikatua taratibu kwa miavuli na mifuko ya hewa katika jangwa la New Mexico. Haikuwa na mtu, wala haikupata dhara kubwa.

Mtaani kwetu yuko mzee mmoja, sajini mstaafu, ambaye hupenda kusikia habari za namna hii na kuzipinga. Siku nilipomweleza alisema, “Unaona, Mwalimu? Kilitua salama. Hofu yote ilikuwa bure. Miezi tisa ya mtu imepotea kwa sababu ya waoga wa ofisini.”

Nikamjibu, “Afande, basi likivuka daraja lililofunikwa na maji, abiria wakafika wazima, je, dereva alifanya vema?”

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba askari hachagui gari, hupanda lililoletwa. Nikamweleza kwamba hata katika kurudi huko kwa salama, injini ndogo moja ya chumba cha wasafiri ilikataa kuwaka. Hakuridhika, na mpaka leo tunabishana. Nakiri kwamba ana neno moja la haki: anayesema “tungoje” naye hutumia mali ya watu wengine, yaani miezi ya mwenzake, na kiti cha Bibi Cardman na cha Bibi Wilson, na sehemu kubwa ya mwaka wa shule ya binti. Lakini mimi nawaunga mkono waliongoja. Kufika salama kwa chombo kitupu hakuonyeshi kwamba waliojitilia mashaka walikosea. Kunaonyesha tu kwamba siku ile hakikuharibika. Nao walikuwa wanaulizwa juu ya watu, si juu ya chombo.

Yalizuka pia maneno ya siasa huko Marekani, kwamba wawili hao wametelekezwa. Hayo sitayaingilia, ila wenyewe walisema mara nyingi kwamba hawajioni kuwa wametelekezwa. Walifanya kazi. Bibi Williams alikabidhiwa uongozi wa kituo kizima tangu Septemba, na Januari 2025 wote wawili walitoka nje pamoja kufanya matengenezo. Wanaume na wanawake wenye jukumu ndivyo walivyo; wakipewa siku zaidi hutafuta la kufanya.

Sasa usiku wenyewe. Dragon ilijitenga na kituo siku ya Jumanne, tarehe 18 Machi, saa mbili na dakika tano asubuhi kwa saa zetu, wakati nilipokuwa nikifungua mlango wa ofisi. Mchana kutwa nilipokuwa nikiandika majalada yangu, watu wanne walikuwa juu wakizunguka na kushuka kidogokidogo. Tulipokaa mbele ya simu ilikuwa karibu saa sita usiku. Kwao ilikuwa jioni, jua bado liko juu.

Jirani yangu aliuliza swali ambalo wengi huuliza: kwa nini wasishuke tu? Nikamwambia taabu ni mwendo. Chombo hicho hukimbia kiasi cha kilometa 28,000 kwa saa. Kwa mwendo huo ungetoka Kampala hadi Mombasa kabla dakika tatu hazijatimia. Injini huwashwa kwa dakika chache ili kupunguza sehemu ndogo tu ya mwendo huo, kiasi cha kukifanya chombo kianze kuanguka. Kazi yote iliyobaki huachiwa hewa. Aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto, kwa sababu hewa ikibanwa ghafla hupata joto. Mbele ya chombo kinachoanguka hewa hubanwa kupita kiasi, na joto lake kwenye kinga hufika kama digrii 1,900. Kinga hiyo ndiyo inayosimama kati ya mtu na moto. Ikiwa na tundu, yatakuwa yale ya Columbia.

Muda mfupi baada ya saa sita usiku injini ziliwashwa. Halafu ukafika ule wakati ambao hata redio haisikiki, kwa kuwa hewa ya moto inayokizunguka chombo huzuia mawimbi yake. Mtangazaji alikuwa akisema jambo, lakini sisi hatukumsikiliza. Mama huyu alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu, wala hakuwa na undugu wowote na watu wale. Ni dakika chache tu. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani, na kwa kuwa saa hiyo hukawia, zilikuwa ndefu zaidi.

Kisha sauti ikarudi. Ikaonekana picha ya kitu kidogo cheupe angani. Miavuli miwili ya kwanza ilifunguka chombo kikiwa meta 5,500 hivi kutoka baharini, na baadaye, kwenye meta 1,800, ikafunguka minne mikubwa. Wasomaji wetu askari wa miavuli wanaijua furaha ya kutazama juu na kuona kitambaa kimejaa upepo. Wengine tuliijua usiku ule. Jirani yangu aliihesabu kwa kidole kwenye kioo: mmoja, wawili, watatu, minne. “Yote imefunguka,” akasema. Saa sita na dakika 57 usiku kwa saa zetu chombo kikagusa maji, nje ya pwani ya Florida upande wa mji wa Tallahassee. Bwana Hague akasema redioni kwamba ndani humo wote wanatabasamu.

Baada ya hapo pomboo walikuja. Sikusikia kwa mtu, nimewaona kwa macho yangu, wakizunguka chombo kile kilichobabuka kwa moto kana kwamba wamealikwa.

Mama alitaka kwenda kulala, nikamwambia bado. Niliisoma zamani habari ya Soyuz 11, nami sina imani na chombo mpaka mlango ufunguliwe. Mwezi wa Juni mwaka 1971 Warusi watatu, Georgi Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev, walirudi baada ya siku 23 angani. Miavuli ilifunguka, chombo kikatua vizuri sana katika Kazakhstan, waokoaji wakakikimbilia kwa furaha wakagonga. Hakuna aliyejibu. Vali moja ilikuwa imefunguka kungali juu, hewa ya ndani ikatoka yote, nao hawakuwa wamevaa mavazi ya kuzuia hatari hiyo kwa sababu chumba kilikuwa chembamba mno kwa watatu. Tangu siku hiyo yalirudishwa mavazi.

Basi tulingoja. Mashua ziliwahi kufika, watu wakanusa kwanza kama mafuta yenye sumu yanavuja, kisha meli ikakinyanyua chombo kwa winchi na kukiweka juu ya sitaha. Mlango ukafunguliwa. Walitolewa mmoja mmoja, wakilazwa kwenye machela, wakipunga mikono.

“Ni wagonjwa?” mama aliuliza kwa hofu. Nikamweleza kwamba si wagonjwa. Mwili uliokaa siku 286 pasipo uzito husahau kusimama; mifupa hupungua nguvu na misuli hulegea ijapokuwa wenyewe hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku, na kichwa huzunguka kama cha mtu aliyeshuka chomboni baada ya bahari kuchafuka. Hufundishwa tena kutembea sawasawa, kwa majuma mengi. Aliyefikiri kwamba msafiri akishafika mlangoni safari imekwisha hajaishi na askari aliyerudi kutoka mbali. Mama alitikisa kichwa polepole. Jambo hilo alilijua kunizidi, kwa kuwa mumewe alikwisha kusafiri hivyo mara moja hapo nyuma.

Nilidhani maswali yamekwisha. Akasimama, akajitengeneza khanga, akafika mlangoni, akageuka.

“Na wale mabinti wawili wa yule bwana, watamwona lini?”

Nikamwambia kwamba wasafiri watapelekwa kwa ndege mpaka Houston, ndiko jamaa zao waliko.

“Leo hii?”

“Leo hii.”

Alisimama hapo kidogo, akitazama nje gizani. Kisha akasema maji ya daku hayajabandikwa motoni, akaenda kuwaamsha watoto.